Futi Mbili Nilizowanyima Mbwa wa Mama Neema

Juzi mmoja wenu alinijia barazani, hapa Masasi, simu mkononi. Hata shikamoo aliitoa huku macho yapo kwenye kioo cha simu. Amepata kazi ya kujenga tela la kulala watu, mume na mke wenye mbwa wawili wakubwa. Akanionesha picha za matela ya ng'ambo, yameng'arishwa mpaka unajiona uso, akaniuliza, "Mzee Bakari, nipige futi kumi na mbili au kumi na nne?"

Nikamuuliza kama mbwa amewapima. Akacheka. "Mzee nawe! Mbwa si mbwa tu?"

Nilimfukuza. Nilimfukuza kwa maneno ambayo mke wangu aliyasikia akiwa jikoni, akatoka na mwiko mkononi kuja kuona nimepatwa na nini. Sasa nimetulia kidogo, si sana, na kwa kuwa sijui yule ni mwanafunzi wa nani, nawaandikia wote mnaochomelea chuma kuanzia hapa mpaka Newala. Someni au msisome, shauri yenu.

Mimi nimechomelea mpaka macho yakakataa. Zamani hatukuwa na hizi barakoa zenu zinazojitia giza zenyewe. Tulikuwa tunafumba macho na kukisia, na jioni tunalala chali na vipande vya viazi mbichi machoni, machozi yanachuruzika mpaka masikioni. Nimejenga matela ya kubeba korosho, ya kuvutwa na trekta, ya kuvutwa na pawatila, na moja la kubebea jeneza ambalo mwenyewe alikuja kulichukua akalalamikia rangi. La kulala watu nimejenga moja tu. Hilo moja ndilo lililonifanya niuze mashine, ingawa watu nimewaambia ni macho.

Wenyewe walikuwa Baba Neema na Mama Neema wa Lulindi. Baba Neema alikuwa mpima ardhi, kastaafu serikalini, akawa anaitwa na vijiji kupima mashamba ya mikorosho watu wapate hati. Mke wake alikuwa mwalimu, naye kastaafu, ndiye aliyekuwa anashika upande wa pili wa kamba na kuandika namba kwenye daftari. Kila kiangazi walikuwa njiani, wiki mbili huku, wiki tatu kule. Neema mwenyewe kaolewa mbali, hata Krismasi haji.

Mbwa waliwapata kwa daktari mmoja mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Watatu, wa tumbo moja. Si mbwa hawa wetu wa kuzurura sokoni. Hawa wakisimama, mgongo unafika kwenye mkanda wa suruali yangu. Mwanzoni walikuwa wanawaacha nyumbani na jirani wa kuwapikia ugali. Safari moja wamerudi wakamkuta mmoja, Jemedari, kafa ukumbini, siku ya pili, amekwishavimba, betri ya sola haipo darini. Wezi walimtupia nyama yenye sumu. Wakabaki Simba na Tausi.

"Hatuwaachi tena, fundi," Mama Neema aliniambia siku ile waliyokuja karakana. "Gesti hazitaki mbwa. Wenyeji wetu huko vijijini ni watu wema, lakini mbwa ndani ya nyumba yao hawataki, na siwalaumu. Nikisema nikae nyumbani, huyu mzee atapima mashamba na nani? Tujengee kitu tulale sisi na wao. Mimi ninazeeka sasa, sitaki kuzika mbwa mwingine kwa sababu sikuwepo."

Hayo ndiyo aliyoyataka. Hakutaka friji, hakutaka pazia la maua. Alitaka mbwa wake wawe salama mahali alipo yeye. Nami nikasema, "Mama Neema, umefika."

Sasa nisikilizeni kwenye kazi yenyewe, maana hapa sikukosea, na ninyi huwa mnakosea.

Tela la kulala halianzi kwenye tela. Linaanza kwenye gari litakalolivuta. Baba Neema alikuwa na pikapu ya dizeli, nzee, injini bado ina moyo lakini si wa kujitapa. Ukitoka huku bondeni kupanda Newala mnaujua ule mlima. Gari tupu lenyewe linaguna. Nikakaa chini nikajumlisha vyote vitakavyobebwa: chuma, bati, plaiwudi, godoro, madumu ya maji, vyombo vya kupimia, watu, mbwa. Mafundi wengi hujumlisha tela likiwa tupu, halafu wanashangaa springi zimelala siku ya kwanza. Mbwa mkubwa ana uzito wa mama mzima mwembamba, halafu huyo mama anatembea tembea humo ndani gari likiwa kwenye kona. Kwa hiyo mbwa usiwaweke mkiani. Waweke juu ya magurudumu, na magurudumu yenyewe yasogee nyuma kidogo ya katikati ili mdomo wa tela ukae kwa uzito kwenye gari. Tela lenye mkia mzito hucheza kulia na kushoto, na likianza kucheza halisikii breki. Nililijua hilo baada ya kumwaga korosho za mtu mzima pale Chiungutwa, zikaokotwa na kijiji kizima na nusu yake sikuiona tena. Mwenye mali aliniita majina mpaka bodaboda zikasimama kusikiliza.

Basi nikaona pikapu ile itavuta futi kumi na mbili bila kufa. Kumi na nne ingepanda, lakini kwa kilio. Upana futi sita. Kitanda cha tano kwa sita nikakilaza kwa upana, kikala futi tano za urefu. Meza ya ramani na jiko vikala futi nne. Zikabaki futi tatu. Na katika hizo futi tatu, upande mmoja nikaweka tangi la maji na sanduku la vyombo. Mbwa wakabakiwa na chumba cha futi tatu kwa nne, chenye mlango wake wa pembeni. Wawili humo. Mnaona?

Sikuona. Sikuona kwa sababu sikuwapima.

Siku aliyoniita Baba Neema kwao Lulindi kuchukua vipimo, Simba na Tausi walikuwa uani. Nikasimama nje ya ua wa miti, futi kamba mfukoni, nikawaangalia. Simba alikuja akaweka pua kwenye upenyo, nikaruka nyuma. Baba Neema akacheka, akasema, "Ingia fundi, hawang'ati." Nikamwambia nimekwishaona, jicho langu ni futi kamba tosha. Nilikuwa na kanzu safi, nimetoka msikitini, na sikutaka mate ya mbwa. Nikarudi mjini nikampima beberu wa jirani yangu, nikaongeza kidogo kichwani mwangu, nikaandika. Kwenye baraza la kahawa nikaifanya kichekesho. "Jamani, leo nimepima mbwa kwa kutumia mbuzi!" Watu wakacheka mpaka wakamwaga vikombe. Nilijiona mjanja kweli.

Na msiniambie sikufundishwa. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Fundi Mchopa wa Newala, mswalihina asiyekosa swala ya alfajiri, ndevu zake zimeungua upande mmoja kwa cheche. Nilipokuwa mwanafunzi wake, mzee mmoja Mkristo wa Chiwata alileta kazi ya tela la kubebea nguruwe. Nikasema mimi huko siendi. Fundi Mchopa hakubishana nami. Alipanda baiskeli, akaenda mpaka Chiwata, akavua kanzu akaitundika, akaingia bandani na futi kamba. Mimi nimesimama mbali nimeshika pua. Akampima nguruwe akiwa amesimama. Akasubiri alale, akampima akiwa amelala. Akasubiri ageuke, akapima nafasi anayogeukia. Nguruwe mwenyewe jike, mkali, akamsukuma kwenye matope. Fundi Mchopa akasema, "Mama, subira, namalizia," na wote tukacheka hata mwenye nguruwe.

Akatoka, akachota maji, akanawa mara saba na ya kwanza kwa udongo, akavaa kanzu yake, akaniita. "Wewe Bakari. Kikavu kwa kikavu hakuna najisi inayohama. Kikiwa majimaji, maji yapo, na udongo umejaa nchi nzima. Dini imekupa njia ya kufanya kazi, wewe unaitumia kukimbia kazi. Hawa wanaosema watakwambia wenyewe wanavyotaka. Kampime asiyesema." Kisha akaswali adhuhuri yake palepale, na mwenye nguruwe ndiye aliyemtandikia mkeka.

Nimeyakumbuka maneno hayo maisha yangu yote. Nimewahi kuwasimulia ninyi kule karakana nikijifanya ni yangu. Na siku ilipofika ya kuyatumia nikampima beberu.

Mama Neema alikuja kuona tela kabla sijapaka rangi. Akaingia, akakaa kitandani, akafungua jiko, akafurahi. Kisha akazunguka pembeni, akafungua mlango wa mbwa, akachungulia.

"Fundi, Simba atalalaje humu?"

"Atajikunja, Mama Neema. Mbwa hujikunja."

"Simba hajikunji. Simba hulala ubavu, miguu kainyoosha mbele na nyuma. Hasa joto likizidi."

"Mama Neema, mimi mbwa nawajua tangu utotoni. Kwenye majivu ya jikoni wanajikunja kama kata ya kubebea maji. Akishazoea atajikunja."

Akaingiza mkono akapima kwa shubiri, mama wa watu, mwalimu. "Punguza meza basi. Mimi nitaandikia magotini, nimezoea. Uwape wao futi mbili za meza."

Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kukata, kusogeza ukuta, kuchomelea upya. Lakini nilikuwa nimekwishapiga plaiwudi, nimekwishasugua maungio kwa grenda yakawa laini huioni hata alama, na mtu aliyefundisha watoto a-e-i-o-u alikuwa ananielekeza kazi yangu. Nikamwambia, "Mama Neema, mimi nikija darasani kwako nitakufundisha kushika chaki?" Akaona haya. Akaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi!

Safari ya kwanza nilikwenda nao, nikaone tela linavyopanda mlima. Tulikaa watatu mbele, Baba Neema anaendesha. Ilikuwa msimu wa mabibo, jua limeshuka kichwani, barabara nzima inanukia. Tela lilifuata bila kucheza hata kidogo. Nikawa nageuka kila dakika kulitazama kwa dirisha la nyuma, nimejaa sifa. Mama Neema alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu.

Katikati ya mlima rejeta ikachemka. Hilo halikuwa kosa la mtu, gari zee na jua la saa sita. Baba Neema akasimama pembeni, tukatia mawe kwenye magurudumu, akachukua dumu akashuka kutafuta maji, maana tangi la tela hatukulijaza ili liwe jepesi mlimani. Akapata kina mama wanaopandisha maji, wakamgaia, akarudi. Tukasubiri injini ipoe ndipo afungue kifuniko. Nami nikaomba kikombe kimoja cha maji yale, nikatia udhu nyuma ya gari, maana adhuhuri ilikuwa imeingia.

Mama Neema akazunguka kwenye mlango wa mbwa, akagonga bati. "Simba! Tausi!" Akasikiliza. Tausi akalia kidogo, sauti nyembamba. Mama Neema akanigeukia, akaniita kwa jina la binti yangu.

"Baba Zuhura, niwafungue wapate upepo? Bati hili limekuwa la moto."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye komeo. Nami nimesimama na maji yakinidondoka kwenye viwiko.

"Subiri kidogo, Mama Neema. Nimeshatia udhu. Wakitoka watanirukia. Niswali kwanza, halafu utawafungua."

Akaondoa mkono. Ninyi mnajua tunavyoishi huku, Mkristo na Mwislamu, mtu akisema anaswali hakuna anayemsumbua. Akasema, "Haya, swali Baba Zuhura, tunasubiri." Akakaa juu ya jiwe kivulini mwa gari, mikono mapajani, kwa heshima ya swala yangu.

Swala haina kosa, msije mkaniambia nimeisingizia. Ningeweza kwenda hatua hamsini juu ya barabara nikaswali huko, yeye akafungua. Ningeweza kuchelewesha, wakati ulikuwa bado mrefu. Wala sikufanya haraka. Niliswali rakaa zangu nne polepole, nikaleta uradi, nikaongeza na sunna mbili ambazo siku nyingine huwa naziruka, kwa sababu watu walikuwa wanapita na baiskeli na nilipenda wanione. Nilipokunja mkeka, Mama Neema alikuwa amekwishasimama.

Akafungua mlango. Tausi akaanguka nje, ulimi umetoka, miguu haimbebi. Simba alikuwa chini. Hawakuwa na nafasi ya kulala wawili, mmoja alilazimika kulala na mwingine kusimama juu yake au kumlalia. Madirisha ya wavu niliyaweka juu, kwa kimo cha kichwa cha beberu aliyesimama. Simba alikuwa amebanwa kwenye kona, shingo imepinda kwenye ukuta niliousugua ukawa laini, pua iko sakafuni.

"Mtoeni!" Mama Neema alipiga kelele. "Mtoeni, bado ana joto!"

Baba Neema mgongo ulikuwa mbovu, na mlango ulikuwa mwembamba. Nikaingia mimi. Nikamkumbatia Simba kifuani, kanzu na udhu wangu, nikamvuta. Mate yake yalinitiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Tulimwagia maji yote ya rejeta, Mama Neema akampepea kwa kanga, akamwita jina lake, akamwita tena. Joto alilokuwa nalo lilikuwa la bati. Kina mama wa maji walisimama na ndoo zao vichwani wakimtazama mama mtu mzima analia juu ya mbwa, na hakuna aliyecheka.

Kina mama wakatujazia tena dumu la rejeta, tukarudi Lulindi siku ileile. Njia nzima kule nyuma tela halikucheza hata kidogo.

Baba Neema alichagua mahali karibu na Jemedari. Akashika jembe, akanitazama. Maisha yake yote yule bwana alipima ardhi ya watu, na siku ile aliniambia mimi, "Fundi, nipe kipimo cha shimo."

Nikatoa futi kamba. Nikapiga magoti. Simba alikuwa kalazwa ubavu juu ya mkeka, miguu ameinyoosha mbele na nyuma, vilevile Mama Neema alivyoniambia kwamba hulala. Mama Neema akapiga magoti upande wa kichwa, akashika ncha ya futi kamba kwenye pua, kama alivyozoea kumshikia mumewe mashambani. Nikaivuta mpaka kwenye kucha za nyuma. Futi tano na inchi saba.

"Tano na saba," nikasema.

Akairudia ile namba kwa sauti ya chini, kwa mazoea yake ya kuandika. Halafu akasema, bila ukali wowote, na afadhali angenitukana, "Kumbe siku ile uani ulikuwa unaogopa kumshika. Ungesema tu, Baba Zuhura. Ningempima mwenyewe."

Tela lile leo linauza chipsi pale mjini, wengi wenu mmekula hapo. Chumba cha mbwa kinawekwa mkaa. Baba Neema aliacha kazi za vijijini mwaka uleule, kwa sababu Mama Neema hakutaka tena kutoka na Tausi wala kumwacha. Wanakaa tu Lulindi. Sijawahi kusikia wakinisema vibaya kwa mtu.

Sasa wewe uliyekuja na simu. Ukitaka kujua futi kumi na mbili au kumi na nne, nenda kwa wenye mbwa. Ingia uani. Piga magoti. Mpime akiwa amesimama, akiwa amelala amejinyoosha, na akigeuka. Mwache wa pili alale pembeni yake, upime wote wawili pamoja. Toboa madirisha chini, pua inapokuwa wakati wa kulala, na pande zote mbili. Mwenye mbwa akikwambia hapatoshi, kata ukuta wako hata kama umekwishaupaka rangi. Na kama unaogopa kumgusa, kwa dini au kwa woga au kwa uchafu tu, mwambie mwenyewe ampime. Hiyo si aibu. Mimi niliiona aibu.

Baada ya maziko nilikwenda kwenye pampu ya nyuma ya nyumba yao. Nilichota konzi ya udongo uleule uliotoka shimoni, nikasugua mikono mpaka viwikoni, nikamwaga maji. Nikamwaga tena. Nilihesabu kwa sauti mpaka saba, kama Fundi Mchopa alivyonionesha. Ni hayo tu niliyokuwa nayakimbia: nilipomaliza, Baba Neema alikuwa hajamaliza hata kufuta jembe lake.